Stima Ikipotea, Intaneti ya Faiba Huzimikia Wapi?

Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani. Novemba na Desemba za mwaka huo huo giza lilirudi. Hayo ni yale makubwa yaliyotangazwa nchi nzima. Mkaazi wa Kisauni, Likoni au Changamwe anayajua pia yale madogo ya mtaa, transfoma inapoharibika au mti unapoangukia nyaya msimu wa mvua.

Usiku wa aina hiyo, nyumba mbili za mtaa mmoja zaweza kuwa na bahati tofauti. Zote mbili zina intaneti ya faiba, na zote mbili zimenunua betri ya akiba. Katika nyumba ya kwanza mwanafunzi anamaliza kutuma kazi yake ya chuo kana kwamba hakuna lililotokea. Katika nyumba ya pili ruta inawaka, simu inaonyesha alama ya Wi-Fi, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Mwenye nyumba anaizima ruta, anaiwasha tena, anapiga simu kwa huduma kwa wateja bila kupokelewa, na mwisho anailaumu betri aliyoitolea pesa zake.

Huenda betri haina kosa. Mara nyingi tofauti iko nje ya nyumba, kwenye njia inayopitiwa na mwanga kutoka kituo cha kampuni hadi mlangoni. Njia hiyo hujengwa kwa namna mbili kuu, na mkaazi anayezijua atakuwa na maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini mkataba, kununua betri, au kukubali kampuni ifunge vifaa vyake kwenye jengo.

Panapohitaji stima na pasipohitaji

Faiba ni uzi wa kioo safi, mwembamba karibu kama unywele. Ndani yake taarifa husafiri kama mwanga unaowaka na kuzimika mara mabilioni kwa sekunde, kwa mwendo wa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Mombasa iko karibu na chanzo cha uzi huu kuliko kaunti nyingine yoyote, kwa kuwa kebo za baharini za TEAMS na SEACOM zilitua hapa mwaka 2009, na nyingine zimefuata. Kabla ya hapo mawasiliano ya Kenya na ng'ambo yalitegemea zaidi setilaiti.

Katika umbali wa mjini, mwanga ukishaingia ndani ya kioo hauhitaji stima ili usafiri. Stima inahitajika pale mwanga unapotengenezwa, unaposomwa, au unapopokewa na mashine na kutumwa upya upande mwingine. Kwa hivyo suala la kuzimika kwa intaneti ni hesabu tu: kati ya kituo cha kampuni na sebule, mwanga unapita kwenye mashine ngapi zenye plagi? Katika njia ya kwanza ipo angalau moja. Katika njia ya pili hakuna hata moja.

Njia yenye kabati

Katika njia ya kwanza, kebo nene hutoka kituoni hadi kwenye kabati la chuma lililosimama kando ya barabara, au kisanduku kilichofungwa kwenye ngazi za jengo. Ndani yake kuna swichi. Hii ni mashine ya elektroniki inayousoma mwanga, kutambua taarifa ipi ni ya nyumba ipi, kisha kuituma kwa laini ya peke yake. Kila nyumba ina laini yake kutoka hapo kabatini.

Faida zake si ndogo. Laini ya kila nyumba haishirikishwi na jirani, kwa hivyo ni rahisi kampuni kumpa mteja mwendo ule ule wa kupakia na wa kupakua, jambo linalowafaa wanaotuma faili kubwa za video au michoro. Fundi aliye kituoni huweza kuona laini ya nyumba fulani imekatika bila kuondoka kitini. Na kwa kuwa swichi hutengeneza mwanga mpya, safari yaweza kuendelezwa mbali kutoka hapo.

Lakini kabati lataka kulishwa. Lataka stima, betri, kufuli, na mara nyingi feni. Mwambao haulihurumii: hewa ya chumvi hula skrubu na viungio, na kabati la chuma lililopigwa na jua tangu asubuhi huwa na joto kali ndani kuliko nje. Mafundi wa betri za asidi hutumia kanuni kwamba kila joto linapozidi nyuzi 25 kwa nyuzi 10, umri wa betri hupungua kwa takriban nusu. Betri iliyowekwa ikiwa mpya, yenye uwezo wa kulishikilia kabati kwa saa kadhaa, baada ya miaka michache huenda isimalize hata saa moja. Mkaazi hawezi kulijua hilo mpaka siku stima ipotee. Tena betri ina soko kwa wezi wa vyuma chakavu, sawa na nyaya za shaba.

Kuna sura nyingine ya njia hii ambayo watu wa majumba ya kupanga wanaijua vizuri, hata kama hawajui jina lake. Kampuni ndogo huleta faiba moja hadi kwenye jengo, hufunga swichi kwenye ngazi, kisha huvuta nyaya za kawaida za kompyuta hadi kila chumba. Swichi ile huchomekwa kwenye soketi ya ngazi, inayotumia mita ya mwenye jengo. Tokeni za ngazi zikiisha Jumamosi usiku na mwenye jengo yuko safarini, nyumba kumi na mbili hukosa intaneti ilhali kila moja ina stima yake mwenyewe. Hapo hakuna tatizo la kampuni ya umeme wala la kampuni ya intaneti. Ni tatizo la shilingi mia mbili za tokeni ambazo hakuna aliyekubaliwa kuwa ndiye wa kuzilipa.

Njia isiyo na plagi

Njia ya pili ndiyo iliyotumiwa kujengea sehemu kubwa ya huduma za faiba za nyumbani nchini. Aina yake iliyoenea zaidi hujulikana kwa herufi GPON, na viwango vyake vilipitishwa na Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, kuanzia mwaka 2003.

Hapa hakuna swichi barabarani. Uzi mmoja hutoka kituoni, na ukifika mtaani hupita kwenye kigawanyishi, ambacho ni kijisanduku cha kioo kisicho na plagi, betri wala feni. Kazi yake ni kuupasua mwanga mmoja kuwa matawi 32, au 64, kila tawi likielekea nyumba moja. Hakina akili yoyote. Hakijui nyumba wala taarifa. Kinagawa mwanga tu, kama bomba linavyogawa maji kwenye matoleo. Chaweza kukaa juu ya nguzo au ndani ya shimo la barabarani kwa miaka bila kuguswa, na joto la Februari halikisumbui sana.

Kila mgawanyo wa mara mbili hupunguza mwanga kwa nusu. Mwanga ukigawanywa mara 32, nyumba moja hubakiwa na karibu sehemu moja ya hamsini, ukihesabu na ule unaopotea ndani ya kigawanyishi chenyewe. Hata hivyo kifaa cha nyumbani kina jicho kali: katika kiwango cha kawaida cha GPON, mwanga huweza kufika ukiwa umepungua hadi takriban sehemu moja ya mia sita ya ule uliotoka kituoni, na bado ukasomwa. Ndiyo maana njia hii hufika takriban kilomita 20, umbali unaotosha kutoka kisiwani hadi Mtwapa.

Nafasi iliyobaki baada ya kigawanyishi si kubwa, na inaliwa na mambo madogo. Kiungio chenye vumbi hupunguza mwanga. Waya uliokunjwa kwa pembe kali nyuma ya kabati la nguo, au uliobanwa na mguu wa kochi, huuvujisha. Mteja anayelalamika kwamba intaneti yake imedhoofika tangu ahamishe fanicha huenda hajakosea hata kidogo.

Stima ya mtaa mzima ikipotea, njia hii haina cha kuzimika. Kituo cha kampuni hutarajiwa kuwa na betri na jenereta. Nyumbani, kinachohitaji stima ni kile kisanduku cha ukutani na ruta tu. Ikiwa mteja amejiwekea betri, na jenereta ya kituo inafanya kazi, kati ya hapo na pale ni kioo kitupu.

Anayegawana, na anayedhani hagawani

Wauzaji wa njia yenye kabati hupenda kusema kwamba laini yao ni ya mtu binafsi, na kwamba ile nyingine ni ya kushiriki na majirani. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli.

Katika GPON, uzi mmoja hubeba takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde kuelekea majumbani na 1.25 kurudi kituoni. Nyumba 32 zikiamua kupakua zote kwa sekunde ile ile, kila moja itapata takriban megabiti 78. Zikiwa 64, kila moja itapata 39. Kupakia ndiko kunakobana zaidi, kwani kwa nyumba 64 fungu ni kama megabiti 19 tu. Filamu moja ya picha safi hutumia takriban megabiti 5, kwa hivyo nyumba ya kawaida haitaona tofauti. Ofisi inayopakia kamera zake za usalama kutwa nzima huenda ikaiona.

Njia yenye kabati nayo hugawana, ila kugawana kwake kumefichika nyuma ya kabati. Mfano ni kabati la nyumba 200, kila moja ikiwa na laini yake ya gigabiti moja, lakini lenyewe likilishwa na kebo ya gigabiti 10 kutoka kituoni. Wote wakipakua kwa pamoja, fungu la kila nyumba ni megabiti 50, yaani chini ya lile la GPON yenye nyumba 32. Anayeambiwa kwamba laini yake haishirikishwi ana haki ya kuuliza haishirikishwi hadi wapi. Jibu la swali hilo lina uzito kuliko jina la teknolojia lililoandikwa kwenye bango.

Kushiriki uzi mmoja huzusha pia swali la siri. Katika njia isiyo na plagi, taarifa zinazoshuka kutoka kituoni hufika kwa nyumba zote za kigawanyishi kile, kama karani wa kliniki anayeita majina: wote wanasikia, mwenye jina ndiye huinuka. Ili jirani asisome ya mwenzake, taarifa za kila nyumba huweza kufungwa kwa msimbo ambao kisanduku cha nyumba hiyo pekee ndicho huufungua. Kurudi juu, nyumba hupewa zamu za muda mfupi mno, kama magari yanavyoingia feri ya Likoni kwa mpangilio, ili mianga isigongane. Ya kushuka na ya kupanda hutumia rangi mbili tofauti zisizoonekana kwa jicho, zikapishana ndani ya uzi ule ule.

Mpango huo wa zamu una udhaifu wake. Kisanduku kimoja kikiharibika na kuanza kuwaka bila kungoja zamu, chaweza kuwavurugia wateja wote wa kigawanyishi hicho, na fundi hulazimika kuchomoa nyumba moja baada ya nyingine mpaka ampate mkosaji. Kebo ikikatika, fundi ana kifaa kinachotuma mwanga na kungoja mwangwi wake. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu 40 za milioni za sekunde, mkato uko kilomita 4 kutoka hapo. Hesabu hiyo ni safi kwenye laini ya peke yake. Kupitia kigawanyishi, mianguko ya matawi yote huchanganyika, na kazi huwa ndefu zaidi. Kwa upande wa matengenezo, basi, njia yenye kabati ina heshima yake.

Kujua nyumba iko kwenye njia ipi

Waya unaoingia nyumbani hutoa dalili ya kwanza. Faiba ni waya mwembamba, na ncha yake huwa na kichwa kidogo cha plastiki, mara nyingi cha kijani au buluu. Ikiwa kilichoingia nyumbani ni waya mnene kidogo wenye kichwa cha plastiki angavu kinachoonyesha vijiwaya vinane vya shaba, basi faiba iliishia kwingine, na mashine yenye plagi iko kwenye ngazi, juu ya paa au barabarani. Hata waya wa faiba peke yake si hakikisho, kwani njia yenye kabati nayo huweza kumalizia kwa faiba. Linalobaki ni kumuuliza muuzaji waziwazi: kati ya kituo chenu na nyumba hii kuna kifaa chochote kinachotumia stima? Kiko wapi, stima yake hulipwa na nani, na betri yake hudumu saa ngapi? Muuzaji asiye na jibu amwite fundi. Ni vyema jibu liandikwe.

Dalili nyingine huonekana giza lenyewe linapoingia. Visanduku vingi vya GPON vina taa mbili zilizoandikwa PON na LOS. Ikiwa PON imetulia kwa kijani na LOS haiwaki, mwanga unafika nyumbani, na tatizo la intaneti huenda liko kituoni au mbele zaidi. LOS ikimeta kwa wekundu, mwanga haufiki: waya umekatika, umechomoka au umekunjwa mahali fulani. Kumpa mhudumu wa wateja habari hiyo kwenye simu huokoa muda wa pande zote mbili.

Kuhusu betri, kosa la kawaida ni kuichomeka ruta peke yake na kukiacha kisanduku cha faiba kwenye soketi ya ukutani. Hapo Wi-Fi itaonekana na intaneti haitakuwepo, hali ile ile ya nyumba ya pili iliyotajwa mwanzoni. Pale vifaa vilipo viwili, vyote viwili vilishwe. Betri ndogo iliyoandikwa mAh 8,800 kwa volti 3.7 huhifadhi takriban wati-saa 32. Ikilisha kifaa kinachotumia wati 10 itadumu chini kidogo ya saa tatu, na vikiwa viwili vya kiasi hicho, kama saa moja na nusu. Volti za betri lazima zilingane na zile zilizoandikwa kwenye adapta ya kifaa, ambazo mara nyingi ni 12. Anayeishi kwenye jengo lenye swichi ya ngazi asinunue betri kabla ya kupata hakika kwamba swichi nayo ina yake. Vinginevyo atakuwa amenunua taa ya kuonyesha Wi-Fi.

Kwa wenye majengo

Mwenye jengo anayefuatwa na kampuni zaidi ya moja ana jambo la kupima. Swichi ya ngazi ni rahisi kufungwa na hutumia nyaya zinazopatikana dukani, lakini anajitwika bili ya stima na lawama. Kigawanyishi hakimgharimu stima, ila kila nyumba itahitaji uzi wake na kisanduku chake, na gharama ya kuanzia hupanda. Palipo na wapangaji wengi wanaofanya kazi nyumbani, GPON ndiyo chaguo la kawaida lenye matatizo machache. Palipo na ofisi chache zenye mahitaji makubwa ya kupakia, laini ya peke yake ina maana, mradi kabati liwe na betri inayokaguliwa.

Anayejenga sasa aweke mabomba matupu ya waya kutoka getini hadi kila ghorofa kabla ya plasta. Kizazi kipya cha njia isiyo na plagi, XGS-PON cha mwaka 2016, hubeba gigabiti 10 kila upande na hutumia uzi na vigawanyishi vile vile. Kinachobadilishwa ni vifaa vya kituoni na vya nyumbani. Ukuta uliokwisha kupakwa rangi hautapasuliwa tena.

Mkaazi ambaye huduma yake hukatika bila maelezo apeleke malalamiko kwa kampuni kwanza na aweke nambari ya malalamiko hayo. Asiporidhika, anaweza kuyafikisha kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo ndiyo hutoa leseni kwa watoaji huduma. Kupasua barabara ya kaunti kwa ajili ya kupitisha kebo kunahitaji kibali cha serikali ya kaunti. Barabara za kitaifa zina mamlaka zake, zikiwemo KURA na KeNHA. Anayechimba msingi au mtaro wa maji bila kuuliza nyaya zimepita wapi huweza kuuzima mtaa mzima kwa pigo moja la jembe, na hilo halina betri ya kuliokoa.

Kebo ya faiba iliyoanguka isiguswe, kwani huenda imelalia waya wa stima kwenye nguzo hiyo hiyo. Ncha iliyokatika isichunguliwe kwa jicho: mwanga wake hauonekani lakini unaweza kudhuru. Vipande vya kioo ni vidogo mno na huingia ngozini kama mwiba usioonekana, kwa hivyo watoto waondolewe mahali hapo mpaka fundi afike.